Upinde Huchongwa kwa Macho

Maneno haya niliwaambia vijana wanaojifunza useremala hapa Nakuru, mbele ya walimu na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliokalia mbao huko nyuma, hamjambo? Nashukuru kwa kunikaribisha. Mlinitaka nizungumzie ufundi wa zamani ambao kijana wa leo anaweza kuushika, nami sikwenda kutafuta mbali. Nimekuja na vitu vitatu hivi mnavyoviona mezani: upinde mmoja mzima, upinde mmoja uliovunjika, na mti mmoja ambao bado uko njiani. Nitaanza na huu uliovunjika, maana ndio ulionifundisha.

Nilikuwa na miaka 19, kibarua katika karakana ya mbao kule Elburgon. Randa nilikuwa nimeshaijua, msumeno nimeshaujua, na nilijihesabu fundi. Nikapata mti mzuri, mkavu, ulionyooka, nikaamua kuchonga upinde. Niliuchonga vile tulivyofundishwa kuchonga mguu wa meza: nikachora mstari wa katikati, nikapiga randa huku na huku, nikapima unene kila baada ya sentimita 10. Upande wa juu na upande wa chini vikalingana hadi milimita ya mwisho. Nikafunga kamba, nikawaita wenzangu watazame, nikavuta mara moja hadi sikioni.

Ulilia kama risasi. Kipande kimoja kilipita karibu na jicho langu kikagonga ukuta wa mabati. Tazameni hapa, ulipokatikia: shubiri moja tu kutoka mahali pa kushikia. Huku kwingine kote mti uko kama siku nilipoumaliza, haujachoka hata kidogo. Kazi yote ya kupinda ilibebwa na sehemu isiyozidi upana wa kiganja, ikashindwa.

Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akija pale karakanani kuchukua vipande vya mtarakwa vya kutengenezea mizinga ya nyuki. Mzee wa Kiogiek, kutoka upande wa Mariashoni, ndani ya msitu wa Mau. Aliviokota vipande vyangu, akavigeuza, akapitisha kidole gumba pale palipochanika. Kisha akaniuliza, "Kijana, uliutazama ulipokuwa unapinda?" Nikamjibu, "Mzee, niliupima." Akasema, "Sikuulizi kama uliupima."

Hakusema zaidi siku ile. Lakini aliporudi wiki iliyofuata alikuja na fito mbili begani, moja yake na moja yangu.

Kabla sijafika kwenye fito hizo, kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Hapa ni Nakuru. Mwezi wa Januari mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wengi wenu mlikuwa mgongoni mwa mama au hamjazaliwa, lakini wazazi waliokaa hapa mbele wanakumbuka. Pinde zilionekana barabarani katika mji huu, na hazikuwa zimelenga magunia. Nina jirani yangu, mama wa makamo, ambaye hadi leo akiniona na fito iliyopinda anageuza uso na kuingia ndani. Simlaumu, na sikuwahi kumwambia asahau. Nilimwendea nikamweleza ninachofanya na ninamfundisha nani, na tangu hapo sichongei uani mahali anapoweza kuona.

Kwa hiyo sharti langu nalitangaza mbele yenu wote. Kijana nitakayemfundisha, nitamjua mzazi wake kwanza. Upinde hautoki kwangu mpaka mzazi aje auchukue kwa mkono wake. Tunalenga gunia lililojazwa nguo kuukuu, nyuma yake pana ukuta wa udongo, na hakuna mtu anayesimama mbele ya mstari. Habari za sumu ya mishale kwangu hazifundishwi. Kuwinda kulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sitaki mtu aje kuniuliza habari za swala.

Lakini pia sitakubali kwamba kitu hiki ni cha vita tu. Kimekaa nyumbani kwa wazee wetu wote. Mkikuyu na Mkamba wanakiita uta, na Mswahili wa pwani anakiita uta vilevile. Mkalenjin anakiita kwanget. Huko Afrika Kusini, katika pango la Sibudu, vimepatikana vichwa vidogo vya mawe na mfupa vyenye zaidi ya miaka 60,000 ambavyo wataalamu wanaona vilikuwa vya mishale. Na mwaka 2016, kule Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki alikuwa mlenga shabaha kwa upinde, Shehzana Anwar. Upinde wa Olimpiki hauchongwi kwa fito, una vyuma na vitu vya kisasa, lakini nao una mikono miwili, yaani nusu ya juu na nusu ya chini, na mikono hiyo lazima ipatane. Turudi kwenye mikono hiyo.

Mzee alinifundisha upinde kwa majina ya mwili. Hapa katikati unaposhika ni kiuno. Huu ni mkono wa juu, huu ni mkono wa chini. Upande unaotazama shabaha ni mgongo, upande unaokutazama wewe ni tumbo. Ukivuta upote, yaani kamba yake, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyote mmekula muwa. Ukiuvunja gotini, upande wa nje ndio unaochanika kwanza, na upande wa ndani unakunjamana. Upinde ni muwa usiotakiwa kuchanika wala kukunjamana, na utapindwa hivyo mara elfu.

Kwa sababu hiyo mgongo hauguswi. Nyuzi za mti zinatembea kutoka ncha hadi ncha, na mahali utakapozikata kwa randa au kisu, hapo ndipo mpasuko utakapoanzia. Fito ya kienyeji inamenywa ganda tu, taratibu, na mgongo unabaki vile Mungu alivyouumba, na matuta yake na mabonde yake. Kazi yote ya kuchonga inafanywa tumboni na ubavuni. Waingereza wa kale walilijua hili kwa njia yao. Meli ya mfalme wao iliyoitwa Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, na ndani yake zilipatikana pinde zaidi ya 130 nzima, zilizochongwa kwa mti unaoitwa yew. Mafundi walikuwa wameacha sehemu nyeupe ya mti, ile ya chini ya ganda, iwe mgongoni kwa sababu inastahimili kuvutwa, na moyo wa mti ukawa tumboni kwa sababu unastahimili kubanwa. Mti mmoja, kazi mbili.

Sasa sikilizeni hesabu moja, na hii iandikeni. Ukiongeza upana wa mkono mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara mbili. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Nane. Maana yake ni kwamba mkono wenye unene wa sentimita 1, ukikwangua milimita 1 tu, umepoteza zaidi ya robo ya ugumu wake. Milimita 1 ni nini kwa seremala? Kwenye mlango huwezi hata kuiona. Kwenye upinde ni tofauti kati ya chombo na kuni.

Na ndiyo maana kipimo changu cha Elburgon kilinidanganya. Unene ulikuwa sawa, lakini mti wenyewe haukuwa sawa. Fito ina shina na kilele, na shina ni zito kuliko kilele. Upande mmoja ulipigwa jua, mwingine ulikaa kivulini. Kuna mahali tawi dogo lilianza likafa, likaacha jicho ambalo halionekani mpaka umenye ganda. Mbao ya kiwandani unaweza kuiamini kwa rula. Fito lazima uitazame inapofanya kazi.

Kuhusu mti, nitapita haraka. Mimi natumia mkole, ule wenye gome la kijivu unaoota sehemu kavu, na ninaupata kwa rafiki yangu mwenye shamba upande wa Mogotio, kwa ruhusa yake na kwa kuhesabu: tukikata mmoja, tunaacha machipukizi yaliyo karibu yakue. Saipresi ya Elburgon msijisumbue nayo, ni mbao ya dari. Chagueni fito nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, ndefu kidogo kuliko mnavyohitaji, isiyo na macho wala kujisokota. Tazameni nyufa ndogo za ganda: zikizunguka mti kama kilemba, nyuzi za ndani nazo zimezunguka, achaneni nayo.

Ukishaikata, paka ncha zote mbili rangi au gundi ya mbao siku hiyo hiyo, kwa sababu maji hukimbilia kutokea nchani na kupasua. Ilaze kivulini penye hewa, isipigwe na jua la mabati. Watu wananiuliza ikae muda gani. Nawaambia chukueni mizani. Ipimeni kila Jumamosi, andikeni uzito juu ya fito yenyewe kwa penseli, na wiki uzito utakapokoma kushuka, fito imekauka. Hakuna ubishi hapo.

Urefu unategemea mvutaji. Mtu anayevuta sentimita 70 namchongea upinde wa sentimita 165 au 170. Wenzangu wengi wanataka mfupi kwa sababu unapendeza mkononi, lakini mfupi unadai kila sehemu ya mti ipinde zaidi, na mwanafunzi hawezi kuulipa deni hilo. Kiuno nakiacha kinene, karibu sentimita 10 za kushika. Kutoka hapo mkono unaanza na upana wa sentimita 4 hivi, unapungua polepole hadi kama sentimita moja na robo nchani. Hapo natumia shoka dogo, kisha panga, kisha tupa ya mbao yenye meno makubwa. Nchani nakata vijipengo viwili vya kushika upote, navilainisha visiwe na ukingo wa kukata kamba.

Mkishafika hapo mna kitu kinachofanana na upinde. Karibu na hatua hiyo ndipo alipoishia mtu mmoja wa zamani sana. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, uligunduliwa mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kando yake palikuwa na upinde wa sentimita 182, wa mti ule ule wa yew, ambao haujamalizika. Alama za shoka bado ziko juu yake, mstari baada ya mstari, na nchani hapajakatwa pa kufungia upote. Alikuwa ameshatoa mti mwingi, amebakiza ile kazi ya polepole. Kila nikifikisha fito hatua hii ninamkumbuka, kwamba mikono yake nayo ilijua inapaswa kupunguza mwendo hapa.

Kazi yenyewe ya polepole naanza bila kamba. Nasimamisha ncha moja juu ya kipande cha gunia sakafuni, nashika ncha ya juu kwa mkono wa kushoto, kisha nasukuma kiuno kwa kiganja cha kulia. Mkono wa chini unapinda kidogo. Natazama, nageuza, nasukuma tena. Macho bado hayajui mengi hapa, lakini kiganja kinajua: upande mmoja utasukuma kwa nguvu zaidi. Huo ndio naukwangua.

Pande zote mbili zikianza kuitikia, naenda ukutani. Kule kwangu nimepigilia kiguzo cha mbao ukutani, nimekifunga kitambaa juu. Upinde unalala hapo kwa kiuno chake, mgongo juu, tumbo chini. Nafunga kamba ndefu kidogo kuliko upote wenyewe, iliyolegea. Katikati ya kamba hiyo kuna ndoano, na ndoano imeshika kamba nyingine inayoshuka hadi kwenye kapi sakafuni, kisha inakuja mpaka niliposimama, hatua tano nyuma. Ukuta nimeuchora mistari ya chaki kama daftari la hesabu. Navuta sentimita 5, naona. Naachia. Navuta sentimita 8, naona. Naachia. Sasa nautazama upinde mzima kwa mara moja, kama mtu anayemtazama ndege akipiga mbawa, na chaki inaniambia ncha ipi imeshuka zaidi.

Mnatafuta nini pale? Mnatafuta mviringo usio na kona na usio na mahali palipolala, yaani pasipopinda. Mkono ambao upana wake unapungua kwa mstari ulionyooka kutoka kiunoni hadi nchani, na unene wake unakaribia kuwa sawa, unatakiwa upinde kama kipande cha duara. Ule ambao upana wake haupungui sana unatakiwa kupunguzwa unene kuelekea nchani. Mkiona mahali panapinda ghafla kuliko jirani zake, hapo sisi maseremala tuna jina lake tayari: hiyo ni bawaba. Mlango unataka bawaba. Upinde ukipata bawaba umeshaanza kufa.

Hapa ndipo wanafunzi wote wanapokosea, na mimi nilikosea hapo miaka miwili kamili. Ukiona bawaba, jicho lako linanasa hapo. Mkono wako nao unataka kwenda pale pale palipo na tatizo, ukakwangue, upasawazishe. Msiende. Pale pamekwisha kuwa pembamba kupita kiasi, kila unachokwangua ni kuongeza jeraha. Chora duara la penseli pale na uandike herufi X, maana yake kisu hakipiti hapa. Kisha nenda pande zake mbili, zile zilizolala hazifanyi kazi, na uzikwangue hizo. Zikianza kupinda zitaichukua sehemu ya mzigo. Mzee alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha msituni, "Mgonjwa mwache. Amsha wavivu." Nimelibeba neno hilo katika kila fito.

Kuna kifaa kidogo nitawaonyesha, kiko hapa mfukoni. Ni kipande cha mbao cha sentimita 15, kimenyooka kabisa upande mmoja, na katikati nimetoboa tundu nikatia penseli fupi. Upinde ukiwa umetiwa upote, tumbo lake limeingia ndani kama bakuli. Ukiweka kipande hiki juu ya tumbo, ncha zake mbili zinagusa, na katikati panabaki mwanya. Penseli naishusha mpaka ikaribie kugusa pale mwanya ulipo mkubwa kabisa. Kisha nakisukuma kipande chote polepole kutoka kiunoni hadi nchani. Panapopinda vizuri, penseli inapita hewani. Panapolala, penseli inagusa na kuacha mstari mweusi. Mstari huo ndio unaokwangua, na ukishaufuta wote, unarudia. Kijana akianza hajapata jicho, kifaa hiki kinamkopesha jicho mpaka apate lake.

Kukwangua kwenyewe situmii tena tupa. Natumia kisu kilichosimamishwa wima, au kipande cha bati la msumeno wa zamani, nakivuta kuelekea kwangu kwa mikono miwili. Maranda yanayotoka ni membamba kama ganda la kitunguu. Hesabuni mikwaruzo: kumi huku, kumi kule, kisha simama. Rudisha upinde ukutani, uvute kidogo kidogo mara 20 au 30 kabla ya kuamua lolote. Mti hautoi habari papo hapo. Ukikwangua na kuvuta mara moja, unaona upinde wa dakika tano zilizopita, na ukikwangua tena kwa kuamini ulichoona, umevuka. Pinde nyingi alizovunja mwanafunzi hazikuvunjwa na nguvu za kuvuta. Zilivunjwa na kutosubiri.

Na kuna mpaka ambao hauvukwi. Tuseme unataka upinde wa kilo 18, yaani unaotaka nguvu ya kilo 18 kuuvuta hadi mwisho. Ning'iniza mizani ya ndoano kwenye kamba, ile wanayopimia magunia sokoni, na uiangalie kila unapovuta. Mizani ikisoma 18, simama hapo hapo, hata kama umevuta sentimita 30 tu na ulitaka 70. Usiseme ngoja nione kama utafika. Ukiuvuta kupita uzito wake kabla haujawa tayari, nyuzi za tumbo zinasagika ndani, na hazirudi. Utaufungua upote na upinde utabaki umeinama kama mtu aliyebeba mahindi maisha yake yote. Kila upinde huinama kidogo, hilo ni la kawaida, lakini ukiinama sentimita 5 na zaidi umepoteza nguvu nyingi ambazo mshale ulikuwa unazihitaji. Wakati mwingine utaona tumboni mikunjo midogo inayokata njia ya nyuzi, myembamba kama unywele. Hiyo ndiyo mti unasema umebanwa kuliko unavyoweza.

Mtaniuliza, je, mikono miwili ilingane kabisa? Karibu. Kiganja kinashika kiuno, na mshale unapita juu ya kiganja, kwa hiyo upande wa chini unafanya kazi kwa karibu zaidi na mkono wako kuliko wa juu. Mkono wa chini ninauacha mgumu kidogo. Ukiwa umetia upote, pima kutoka upote hadi tumbo mahali palipo sawa juu na chini: juu pazidi chini kwa milimita 3 hadi 6. Hapo ndipo rula inapoingia katika kazi yetu, mwishoni, kuthibitisha kile macho yalichokwisha kuona.

Neno moja juu ya hewa. Nakuru tuko juu, karibu mita 1,850, na miezi ya jua mti unakauka vizuri. Nilimchongea mpwa wangu anayeishi Kisumu upinde wa kilo 18 kamili. Akaenda nao, akautundika jikoni karibu na dirisha linaloangalia ziwa. Baada ya msimu wa mvua ndefu akanipigia simu kwamba mishale haifiki. Nilipoupima ulikuwa kilo 15 na umeinama. Haukuwa na ufa hata mmoja, ulikuwa umekunywa unyevu, na mti wenye maji hupinda kama mpira uliochoka. Tuliupaka mafuta na nta ya nyuki tabaka kadhaa, ukakaa chumba kikavu, ukarudi sehemu. Sehemu tu. Sasa pinde za Kisumu nazifanya pana kidogo, na nazipaka nta kabla hazijapanda matatu.

Kuhusu upote, kamba ya nailoni ya dukani inanyooka unapovuta, inakula nguvu. Sokoteni uzi mwembamba imara wa nyuzi nyingi, muupake nta. Na usiachie upote bila mshale, hata siku moja. Nguvu iliyokuwa iende na mshale inarudi kwenye mikono ya upinde, na nimeona upinde mzuri ukipasuka hivyo mikononi mwa mgeni aliyekuwa anajaribu tu.

Nimesema mzee alinipa fito siku ile. Kwa muda wa mwezi mmoja alikuja kila Alhamisi. Hakunigusa mkono wala hakunishikia kisu. Alikaa juu ya gogo, anasema, "Vuta," nami navuta, naye anasema, "Umeona?" Nikisema nimeona, ananiuliza wapi. Nikikosea, hasemi pale penyewe, anasema tu, "Vuta tena." Siku moja nilimwonyesha mahali kabla hajauliza, akainuka akaenda kuchukua vipande vyake vya mtarakwa. Nilijua nimefaulu kwa sababu hakurudi kukaa.

Watu wake wameishi na msitu wa Mau vizazi na vizazi. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua kwamba haki zao zilivunjwa walipofukuzwa msituni. Mzee hakuwahi kuisikia hukumu hiyo, alikuwa amekwisha kuzikwa. Nawaambia ili mjue kwamba ujuzi huu nilioshika leo haukutoka hewani. Ulitoka kwa mtu aliyejua kila mti kwa jina, na alikuwa na mahali pa kuujulia.

Sasa nimalizie kwa kile cha tatu kilichoko mezani. Fito hii ya mkole ina miezi minane ya kukauka. Mkono mmoja unapinda vizuri. Mwingine una mahali palipolala, shubiri moja kutoka kiunoni, na mbele kidogo pana bawaba inayoanza. Sikuweka alama yoyote, makusudi. Nimeleta kamba, nimeleta kapi, na mwalimu wenu amenipa ule ukuta wa stoo. Kila mmoja atavuta sentimita 8 tu, atatazama, kisha atakuja kuniandikia kwenye karatasi hii: wapi pakwanguliwe, na wapi pasiguswe. Msionyeshane. Nani anaanza?